Risasi ya Dirishani

Madirisha mia nne na kumi na mawili.
Najua idadi, ndiyo kazi yangu:
kung'oa, kutia namba, kukwangua,
kulirudisha kila moja kwenye tundu lake.

Kiwanda kimejikalia kando ya mfereji
na Lewiston yote, jimbo la Maine, mwezi huu wa Machi,
theluji imeoza ikawa uji mweusi.
Langoni wamesimamisha ubao:
fedha za serikali, tarakimu yenye sifuri nyingi
kana kwamba mwandishi alipewa brashi asiambiwe akome.

Bi Pelkey wa majengo ya kale huja na rula.
Hupima ufito wa katikati, huupima tena.
"Dirisha lirudi lilivyokuwa," asema,
"la sivyo fedha hazitoki."
Kioo cha zamani kina mawimbi; ukichungulia,
mnara wa kanisa unayumba kama umelewa.
Mawimbi nayo yahifadhiwe. Imo kwenye mkataba.

Sisi tunavaa nyeupe, barakoa, glavu mbilimbili.
Jioni tunaoga kabla ya kugusa mlango wa gari,
maana rangi ile ina risasi.

Mwaka wa kwanza tulipanga ghorofa ya tatu
katika mitaa iliyopewa majina ya miti.
Dirisha letu lilikuwa na rangi hiyohiyo,
imebabuka kama maganda ya kitunguu,
na Wilondja, miaka miwili, aliiona tamu.
Yeye hakupewa barakoa.

Muuguzi alimtoboa kidole.
Mkalimani, sauti tupu
katika simu iliyolazwa mezani, akasema:
Mama, mwanao ana risasi mwilini.

Mwasiti akamvua mtoto shati palepale,
akamgeuza mgongo, tumbo, kwapa,
akitafuta tundu.

Lugha yetu haikututenganishia.
Tulitoka Fizi usiku na sufuria moja
na mfuniko usio wake.
Ile ya Fizi, angalau, ilikuwa na mlio.

Kwenye mkutano wa maktaba niliinua mkono.
Nikauliza: na nyumba zetu, za miti?
Wakasema upo mfuko, ipo fomu, ipo foleni,
ila mwenye nyumba ndiye aombe.
Mwenye nyumba anaishi Florida.
Wakaonyesha picha: kiwanda usiku, taa za manjano,
watu wembamba wakinywa kahawa, hakuna anayekohoa.

Mzee Ouellette alikaa nyuma yangu.
Mama yake alifuma humo miaka thelathini na mmoja
mpaka masikio yakafa.
Tulifuma shuka, alisema, na kitambaa kizito,
cheupe-cheupe, cha kwenda mbali.
Nikamwambia: bibi yangu alikiita merikani,
babu tulimzika nacho.
Akalirudia neno, r imemkwama kooni Kifaransa.
Kisha akauliza chumba kimoja kitapangishwa kwa kiasi gani,
walipomjibu akavaa kofia yake.

Dirisha la mia mbili na tisa, chini ya kizingiti,
mtu alichimba jina kwa msumari: Aurore.
Bi Pelkey alipiga picha kumi na nne.
Akaagiza lisiguswe. Nikaona macho yake yamelowa,
nikampenda kidogo siku ile, siwezi kukana.

Jana nilirudisha la mia mbili na kumi.
Upande unaoingia ukutani, usioonekana na rula,
nilitoa kalamu ya risasi sikioni
nikaandika Wilondja.
Halafu, kwa kuwa nafasi ilibaki,
namba zake kutoka kliniki:
kumi na saba, kumi na mbili, tisa.
Nikaacha mahali pa nyingine.

Msimamizi akaita, gundi inakauka.
Nikasukuma dirisha likaingia.